Pushirodi Ndefu na Mkono wa Mtani Wangu

Nakumbuka asubuhi moja pale Kiswere, mwanangu, nimepiga goti mbele ya injini ya kusagia unga, mikono imejaa grisi hadi viwikoni na kichwa kimejaa sifa. Ilikuwa imebaki kama wiki moja na ushei mwezi wa Ramadhani uandame. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Umri huo unaujua mwenyewe, maana ndiko uliko: mtu anajiona amekwisha kujua kila kitu, kilichobaki ni watu kumjua yeye.

Kabla sijaendelea, nikuombe radhi. Juzi hapa gerejini Rasbura nilikufokea mpaka mama ntilie wa jirani akaacha mwiko akaja kuchungulia. Ulikuwa umepokea pushirodi mpya kutoka Dar, ukazitumbukiza zote kwenye injini bila kupima hata moja. Nilipokuuliza umejuaje kama urefu ndio huo, ukanijibu, "Mzee, si zimeandikwa kwenye boksi?" Nikapandwa na jazba. Haikuwa haki, kwa sababu hukujua mimi nikiziona fimbo zile naona nini. Sasa kaa hapo, weka simu mfukoni, nikueleze.

Siku hizo nilikuwa na jina. Mimi Hamisi, Mmwera wa huko bara, sikusoma chuo chochote, lakini nilikuwa na sikio. Injini ikipita barabarani nilikuwa naijua ina ugonjwa gani kabla haijakata kona. Watu wakanisifu, na sifa, mwanangu, ni kama pombe ya mnazi: unakunywa ukicheka, ukija kusimama ndio unajua. Basi Bi Zaituni wa Kiswere akanitumia ujumbe. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye mashine ya kusaga. Mashine yenyewe ilikuwa pekee kijijini, na wa vijiji vya jirani nao walikuja kwake na ndoo zao kichwani. Kinu kilikuwa kimoja, cha kusaga. Akawa amenunua na cha kukoboa, anataka injini moja ivute vyote viwili kwa pamoja, Ramadhani isije ikawakuta watu foleni. Injini ilikuwa haiwezi. Ukiifunga vinu vyote inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima.

Nikamwambia, "Mama, hilo dogo." Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Nilikuwa na silinda hedi, kile kichwa cha juu kinachobeba valvu, ya injini kubwa zaidi ya ukoo uleule, nimeitoa kwenye chuma chakavu. Valvu zake pana, roka zake imara, inavuta hewa vizuri. Nikasema nitaifunga hedi hiyo juu ya injini ya Bi Zaituni, nguvu itapatikana. Na wazo lenyewe halikuwa baya. Hata leo ningelifanya. Ubaya ulikuja kwenye pushirodi.

Wewe unaijua kazi, lakini nieleze hata hivyo, maana wengine watakaosikia hawaijui. Injini ya namna ile ina kamshafti, mhimili unaozunguka, huku chini; valvu, vilango vya hewa, ziko kule juu. Katikati kuna fimbo za chuma, nyembamba kama kalamu, ndizo tunazoziita pushirodi. Kamshafti inaisukuma fimbo, fimbo inainyanyua roka upande mmoja, roka inashuka upande wa pili na kuikandamiza valvu ifunguke, sawasawa na pembea ya ubao wanayochezea watoto. Fimbo ikiwa na urefu wake, roka inaikandamiza valvu katikati ya kichwa. Ikizidi kidogo, roka inakaa juu kuliko inavyotakiwa, inaigusa valvu ukingoni, na kila inapoigusa inaisukuma ubavuni. Valvu inavumilia. Inavumilia siku, inavumilia wiki, huku inakula tundu inamopita. Na mafundi wengi hawaoni kitu, kwa sababu injini inawaka na inalia vizuri tu.

Sasa, fimbo za injini ndogo zilikuwa fupi kwa hedi ile. Fimbo zilizokuja na hedi zilikuwa ndefu. Iliyotakiwa ni ya katikati, ambayo haikuwepo, ya kuchongesha. Kuchongesha ni kurudi Lindi, kumtafuta fundi wa mashine ya kuchonga, kusubiri siku tatu nne. Mimi nikazitia zile ndefu. Nikainyanyua nati ya roka juu kwenye stadi yake, ile bolti yenye nyuzi inayoishikilia, mpaka nikapata nafasi ninayoitaka. Nati ilikuwa imeshika nyuzi nne tu za stadi, dalili kwamba fimbo imezidi. Niliona. Sitaki nikudanganye, mwanangu, niliona kwa macho yangu haya, nikajiambia haraka haraka kwamba nne zinatosha.

Mtu wa pili aliyeona alikuwa Mzee Haule.

Huyu ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine. Mngoni wa Songea, alikuja pwani kijana, akaoa Kiswere, akasilimu wakampa jina la Yusufu, lakini kila mtu aliendelea kumwita Haule. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu wakati ule, mrefu, ana nyusi nyeupe za unga toka asubuhi hadi jioni. Injini ile aliijua kama mtu anavyomjua mkewe. Na mimi Mmwera, yeye Mngoni, kwa hiyo ni watani. Hili lazima ulishike vizuri, nyinyi vijana wa siku hizi utani mnausikia harusini tu. Babu zake walipigana na babu zangu, waliuana, na wajukuu tukarithishwa kicheko. Mtani anaweza kukuvua kofia msikitini mlangoni ukamwacha. Anaweza kukwambia nyumba yako inaungua, nawe ukamjibu, basi sogea uote moto.

Akainama akaangalia zile roka zangu. Akasema, "We Mmwera, hizo fimbo ndefu."

"Umepimia nini, Mngoni? Mkuki?"

Kina mama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao wakacheka. Yeye naye akacheka. Halafu akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti, akanieleza kitu ambacho leo nawafundisha watu na wananiita bingwa. Alisema, "Chukua fimbo mbovu moja. Ikate katikati kwa msumeno, tia bolti na nati, iwe inarefuka na kufupika upendavyo. Halafu paka wanja juu ya kichwa cha valvu. Zungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili mitatu. Angalia roka imefuta wanja wapi. Ikifuta katikati, umeupata urefu wako. Ikifuta ukingoni, kaza au legeza ile nati, rudia tena. Ukishapata, pima fimbo hiyo, kachongeshe zote za kipimo hicho."

Alijifunzia wapi, sijui. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge zamani, pengine huko. Ningemuuliza ningejua. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu chekechea. Mimi sikuuliza, nilisimama, nikajishika kiuno, nikasema kwa sauti ili foleni nzima isikie, "Wanja? Kwani injini inaolewa? Nyinyi Wangoni mmetembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, njia nzima hamkukutana hata na gurudumu moja, leo unataka kunifundisha injini!"

Lo! Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga mahindi. Na aliyecheka kuliko wote ni yeye mwenyewe Haule, akapangusa machozi, unga ukamganda mashavuni. Alipomaliza akasema, "Haya, mtani wangu. Lakini pima."

Akaondoka kwenda kutafuta mkanda wa kuunganisha injini na vinu. Maneno yake mawili yale ya mwisho hayakuwa ya utani. Sauti ilibadilika. Mtu mzima anaijua ile sauti, na mimi niliisikia, lakini kwetu sisi maneno ya mtani yana ruhusa ya kutupwa, nami nikaitumia ruhusa hiyo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Sema mguu uliota tende haukuwa wangu.

Injini ikawaka. Ikavuta vinu vyote viwili bila kukohoa. Vigelegele vikapigwa, Bi Zaituni akanipa kuku wawili wazima na dua nyingi, nikapanda basi la Lindi nimeshikilia kuku miguu juu vichwa chini, najiona mfalme.

Ilifika kumi la kati la Ramadhani. Alasiri, saa ambayo watu ndio wanataka unga wa uji wa futari, pale mashineni pamejaa. Sikuwepo, nitakueleza kama nilivyoelezwa. Haule alikuwa amekaa kwenye gunia nje, amefunga, mdomo mkavu. Akasikia mlio wa injini umebadilika, kuna kitu kinagonga kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Akaingia. Akawaambia kina mama, "Tokeni nje wote, tokeni, injini inalia vibaya." Wakatoka. Mmoja akarudia ndoo yake, Haule akamfokea, na hawajawahi kumsikia akifoka. Alipohakikisha wametoka, yeye akarudi ndani kuizima.

Valvu ikakatika, sahani yake ya chini ikaangukia kwenye pistoni. Injini ikasimama papo hapo. Lakini vinu vilikuwa bado vinazunguka kwa kasi iliyobaki, mkanda ukaruka kutoka mahali pake. Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia kukifikia kizimio. Mkanda ukauzoa mkono ule ukaupeleka kwenye gurudumu.

Konda wa basi ndiye aliyeniletea habari gerejini. Nikaenda mbio hospitali. Walikuwa wamekwisha kuukata, juu kidogo ya kiwiko.

Mwanangu, njia nzima kutoka gerejini hadi wodini nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa nimeyapata. Nilitaka kusema, Mzee Haule, uliniambia nipime sikupima, mkono wako uko juu yangu, nisamehe. Basi, hayo tu. Niliyarudia kama mtoto anayetumwa dukani anavyorudia alichotumwa. Nikaingia. Amelala, bandeji nyeupe, mkewe Somoe amekaa pembeni na kanga imemfunika nusu uso, na ndugu wengine wanne watano wamesimama. Haule akafumbua macho, akaniona. Akatabasamu.

"Mmwera," akasema, sauti haina nguvu, "babu zangu waliwakata sana nyinyi. Leo mmelipa kisasi."

Wodi nzima ikacheka. Hata muuguzi alicheka. Na mimi nikacheka.

Nilicheka, mwanangu. Yale maneno niliyokuja nayo yalirudi chini tumboni, nikasikia nafuu. Nikajibu, "Bado wa kushoto, Mngoni, usilale sana." Wakacheka tena. Mtu mmoja akanipiga bega, akasema watani bwana, hata kifo hawakiogopi. Niliondoka pale nimepona. Najua ni aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: yeye alibaki kitandani hana mkono, mimi natoka getini nimepona.

Siku chache baadaye nikaenda Kiswere kuifungua injini. Bi Zaituni akaniuliza kilichotokea. Valvu iliyokatika ilikuwa mkononi mwangu, na ncha ya mti wake, pale roka inapogonga, niliiona ina alama ya kuliwa upande mmoja tu, ukingoni, inang'aa. Mtoto angeiona. Nikamwambia Bi Zaituni, "Chuma kibovu, mama. Wauza spea siku hizi ni wezi." Akasikitika, akawalaani wauza spea, nami nikaitikia. Vile vipande akavitia kwenye mfuko akaviweka ndani.

Jumapili iliyofuata gereji ikiwa imefungwa nilikwenda peke yangu mchana. Nilikuwa na hedi nyingine ya aina ileile na injini ndogo imelala pale uani. Nikachukua pushirodi mbovu nikaikata katikati. Nikatia bolti na nati. Nikachukua wanja wa mke wangu. Nikafanya yote aliyoniambia, moja baada ya jingine. Fimbo niliyotia Kiswere ilikuwa imezidi milimita tatu. Tatu, upana wa kamba ya kiatu. Kazi nzima ya kujua hivyo ilinichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya mafuta nikalia mpaka kwikwi, halafu nikanawa, nikaenda nyumbani, sikumwambia mtu.

Toka siku hiyo sijawahi kufunga hedi bila kupima. Ndio unaona watu wanatoka Mtwara, wanatoka Nangurukuru, wananiletea injini. Wanasema Fundi Hamisi anapima mno. Wanasifu ujuzi wa Haule bila kumjua, nami nilikuwa nazipokea sifa hizo kimya.

Na kwake je? Nilikuwa nakwenda. Usidhani nilimtupa. Kila Idi nilipanda gari hadi Kiswere na sukari, na tambi, na kanga ya Somoe. Nikifika tu barazani nimeshaanza: "Mngoni hujafa tu?" Naye anajibu, "Nakungojea wewe utangulie ukanitandikie." Tunatupiana hayo saa nzima, majirani wanakusanyika kusikiliza kama ngoma. Mashineni alishaacha, Bi Zaituni alipata kijana mwingine na injini nyingine. Haule alikaa barazani anasuka kamba za makuti, ameshikilia ncha kwa kidole cha mguu. Nilikuwa namwangalia kile kidole cha mguu, nasema moyoni leo nitamwambia. Halafu anarusha neno, nami narusha, na gari la kurudi linapiga honi. Idi moja ikazaa nyingine. Miaka kumi na tisa nilikwenda hivyo.

Mzaha mzaha hutunga usaha, walisema wa kale.

Basi simu ikaja asubuhi. Haule amefariki, maziko baada ya adhuhuri. Nilipofika Kiswere, shughuli ya watani ilikuwa imeshapamba moto. Mtani mmoja amelikalia jembe la kuchimbia kaburi, hataki kulitoa. Mwingine amejifunga shuka anajidai ndiye mjane. Watu wanalia na kucheka kwa pamoja, ndivyo inavyotakiwa, ndio dawa yetu. Waliponiona wakapiga kelele, "Huyo amekuja! Mtani mkuu! Fundi, muigize marehemu!"

Unajua desturi. Mtani anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akisema, akikohoa, ili watu wamwone mara ya mwisho. Na hakuna aliyemjua Haule kuliko mimi. Wakanisukuma katikati. Mmoja akaja na kanzu, akanivalisha, na mkono wa kulia wa ile kanzu akaufunga fundo.

Nilisimama pale na lile fundo linaning'inia. Nikajaribu kutoa sauti yake, haikutoka. Nikasema, "Jamani. Mkono wa mzee huyu niliukata mimi. Aliniambia nipime, nikamcheka. Ni mimi niliyemkata."

Wakaangua kicheko. Mwanangu, walicheka sana kuliko siku ile ya utani wangu wa gurudumu na Wangoni. "Mtani huyu! Ana maneno huyu!" Nikasema tena, kwa sauti zaidi, machozi yananitoka, "Nasema kweli, wallahi ni mimi," na kadiri ninavyolia ndivyo wanavyoshika mbavu, kwamba Fundi leo kazidi, kaleta na machozi ya kweli. Sikuwa na neno lingine. Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la utani, miaka yote nilikuwa nimelifanya hivyo mwenyewe.

Tulikwenda, tukazika. Tuliporudi, mtoto wa kike akanijia akasema bibi ananiita. Somoe alikuwa ndani ameshaanza kukaa eda, nikasimama upande wa nje wa pazia. Sikumwona, nilisikia sauti tu.

"Hamisi," akasema, "mimi sikucheka."

Nikasogelea pazia.

"Nilikuwa najua. Alipotoka hospitali alimwomba Bi Zaituni vile vyuma, akaviangalia, akanionyesha alama. Nikataka kukuita nikuseme mbele ya watu. Akanikataza. Akasema muache, ni kijana mwema, atakuja kusema mwenyewe. Kila Idi akiona gari limesimama na wewe unashuka, ananiambia, 'Somoe, leo atasema.' Ananiambia nisiingie na chai mapema nisije nikakukatiza. Unakuja, mnacheka, unakwenda. Akiingia ndani anasema, 'Bado. Labda Idi ijayo.'"

Nilishika ukingo wa mlango.

"Na jambo jingine ulijue," akaendelea, wala hakuwa na hasira, ni kama mtu anayetoa vyombo kabatini kimoja kimoja. "Tangu siku ile hakula tena kwenye shughuli ya mtu. Harusi, maulidi, hitima, hakula. Utakaaje kwenye sinia na watu ukatia mkono wa kushoto? Akialikwa anakwenda, anakaa pembeni, anasema nimeshiba. Anarudi hapa nampakulia kiporo. Mtu aliyependa pilau vile. Miaka yote hiyo anasema nimeshiba."

Nikamwambia, "Bi Somoe, nisamehe."

Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, Mungu shahidi. Radhi ya kwake siwezi kukupa, Hamisi. Haikuwa yangu. Alikuwa nayo mwenyewe hapo barazani, umeipita miaka kumi na tisa."

Basi, mwanangu, ndiyo hiyo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshakuwa mkubwa, ananipiga.

Nisikilize sasa. Usifunge fimbo ambayo hujaipima. Boksi halijui hedi yako imesagwa kiasi gani, wala valvu zako zimekaa kimo gani. Anayejua ni wanja na mkono unaozungusha polepole. Ukiona nati imeshika nyuzi nne, usijiambie zinatosha. Ile sauti ndogo inayokwambia hazitoshi ni ya kweli hata kama foleni ni ndefu na Ramadhani iko mlangoni. Na mtu wa chini yako kwa cheti, au mtani wako, au yeyote unayemzoea kumcheka, akikwambia neno la kazi, cheka ukitaka, lakini ukishacheka rudi umuulize: unasemaje vile? Watu wetu huficha ukweli ndani ya mzaha ili wasikuaibishe. Wanakuheshimu hivyo. Ukikosa kuuchambua, si kosa lao.

Na kubwa kuliko yote ya chuma. Ukimkosea mtu, kamwambie. Nenda uso mkavu, usibebe zawadi, usitangulize kichekesho. Hata akikufungulia mlango wa kicheko upite, usipite. Mwambie, ngoja kwanza, nina neno. Aliyekosewa anaweza kukusitiri kwa mapenzi yake, na wewe ukadhani amesahau. Hajasahau. Anakungoja. Na kungoja kwake kuna mwisho, hajui lini wala wewe hujui. Kama yuko mtu wa namna hiyo, na kila mtu anaye, usisubiri Idi. Nauli ya leo ipo, gari la leo lipo.

Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kukiri ulichoona. Akujaalie wazee wa kukuambia kweli, na akupe kuwakuta hai utakapokuwa na la kuwaambia. Riziki yako iwe halali, kazi ya mikono yako isimlize mtu, na jina lako likitajwa barazani, atajwe mtu aliyesema kwa wakati. Amin, mwanangu. Nenda kapime.